Nimepewa chumba Shela: je, nifungue kliniki yangu ya meno?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni daktari wa meno mwenye umri wa miaka 33, mzaliwa wa Malindi. Nilisoma Nairobi kwa miaka mitano, nikafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini katika hospitali ya serikali, nikatumikia kaunti kwa miaka miwili, na sasa ni mwaka wa nne nikiwa katika kliniki ya binafsi hapa mjini, ambayo naomba nisiitaje. Sina mshahara, hulipwa asilimia 40 ya fedha wanazolipa wagonjwa niliowatibu mwenyewe. Mwezi uliopita niliwatibu wagonjwa 200, wakalipa jumla ya shilingi 480,000, nami nikapewa 192,000. Tangu siku hiyo, zile 288,000 zilizobaki kwa mwenye kliniki haziniondoki akilini.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo lililotokea mwezi wa tatu. Nilikuwa katikati ya ruti kanali, yaani kusafisha na kuziba mifereji ya ndani ya jino, ya gego la chini la mama mmoja aliyetoka Gongoni, mifereji miwili nimekwisha kuisafisha na wa tatu ndio kwanza nimeupata, umeme ukakatika. Jenereta tunayo, ila haikuwa na mafuta. Msaidizi wangu alinimulikia kwa tochi ya simu, nikatia dawa, nikaliziba jino kwa muda, na yule mama akapanda matatu kurudi kwao na kazi iliyofika nusu. Nilipolalamika, mwenye kliniki alinijibu kwamba mafuta ya jenereta si kazi yangu. Usiku ule sikulala, na kulipokucha nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitafungua kliniki yangu.

Mjomba wangu ana nyumba ya zamani mtaa wa Shela, naye amenipa chumba cha chini kinachotazama njia. Nilipomuuliza habari za kodi alicheka, akasema, "Wewe lete vitu vyako, mengine tutazungumza." Nina akiba ya shilingi 900,000, na nimekiona Mombasa kiti cha meno kilichotumika ambacho kitachukua sehemu kubwa ya fedha hizo. Baba yuko radhi kutoa hati ya shamba letu la Mambrui iwe dhamana ya mkopo, ingawa riba yenyewe inanitia wasiwasi. Aidha, nimeanza kuandika katika daftari langu namba za simu za wagonjwa wangu, ili siku nitakapohama niwaarifu. Hadi leo nimeandika 310.

Kuhusu tiba yenyewe sina hofu. Nang'oa, naziba, nafanya ruti kanali, natengeneza meno bandia. Magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa huwapa wenye ujuzi huo Mombasa. Mama ananiambia nisubiri. Wenzangu wawili niliosoma nao wamekwisha kufungua, nao husema kwamba anayengoja awe tayari atazeeka akingoja. Nitajuaje kwamba niko tayari? Na ukipata nafasi niambie pia kama kuta nizipake rangi nyeupe au samawati, kwa kuwa fundi rangi ananisubiri.

Daktari wa Shela, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonisimamisha ni ile ya mwenye kliniki kwamba mafuta ya jenereta si kazi yako. Kwa yule mama wa Gongoni alikosea, tena sana, na hasira yako ilikuwa ya haki. Lakini kwa upande wako alisema kweli tupu. Kwa miaka minne mafuta hayakuwa kazi yako, wala maji ya tangi, wala leseni iliyotundikwa ukutani, wala mshahara wa aliyekushikia tochi. Kama tabibu, kwa jinsi unavyojieleza, uko tayari. Kama mwenye kliniki, kwa maoni yangu bado, kwa sababu ile kazi inayoanza pale unapovua glavu hujawahi kuifanya, na pengine hata kuitazama kwa makini hujaitazama.

Itazame kesho. Mgonjwa akinyanyuka, usiende kunywa chai. Simama ufuatane na ile trei. Utamwona msaidizi akivitia vyombo majini, akivisugua kimoja kimoja, akivikausha, akivitia ndani ya mifuko yake na kuvipanga katika otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Kwa nyuzi 134 mvuke hukaa juu ya vyombo dakika tatu au nne, na kwa nyuzi 121 hukaa dakika 15 au zaidi, lakini ukijumlisha kupasha moto na kukausha, duru moja hula sehemu kubwa ya saa nzima. Sasa jiulize utanunua keekee ngapi za kuchongea meno. Ukiwa na mbili tu, mgonjwa wa tatu itambidi angoje hadi ya kwanza itoke kwenye mvuke, na siku watu watano wamekaa kwenye benchi na mmoja analia kwa maumivu, hapo ndipo shetani atakapokunong'oneza uifute kwa spiriti uendelee. Daktari aliyeajiriwa hanong'onezwi hivyo, maana kila anaponyoosha mkono hukuta keekee safi imewekwa. Ni mtu mwingine aliyezinunua nyingi kiasi hicho, na fedha zake zilitoka katika zile 288,000 zinazokunyima usingizi.

Nami nina langu la kusimulia. Nilipofungua kliniki yangu, zamani sasa, niliuziwa kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, ya bei nafuu, ya aina inayolainishwa kwa mafuta, na muuzaji aliniapia kwamba itafaa. Miezi miwili baadaye vizibo vyeupe vikaanza kung'oka, leo cha huyu, kesho cha yule. Nilidhani mkono wangu umeharibika. Nilibadilisha dawa ya kugandishia, nikabadilisha taa, nikamgombeza msaidizi bure, hadi fundi mmoja aliponiambia niupulizie hewa mgongo wa kioo cha mdomoni kisha niutazame kwenye mwanga. Ulikuwa na ukungu mwembamba wa mafuta. Kila jino nililolikausha kwa hewa ile nilikuwa nikilipaka mafuta kabla ya kuligandisha. Vizibo hivyo nilivirudia vyote bila malipo. Katika miaka yangu ya kuajiriwa sikuwahi hata kujua kompresa imewekwa chumba gani.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyokukosesha usingizi. Wagonjwa 200 kwa shilingi 480,000 maana yake kila mmoja alilipa wastani wa shilingi 2,400. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kodi ya pango, mishahara ya watu watatu, umeme, maji, kuchukuliwa taka, leseni zilizogawanywa kwa miezi 12 na marejesho ya kiti vitafika shilingi 210,000 kwa mwezi, aje mgonjwa asije. Tuseme tena kwamba robo ya kila malipo huishia kwenye ganzi, glavu, dawa za kuzibia na fundi wa meno bandia. Basi kila mgonjwa anakuachia shilingi 1,800, na itakubidi utibu wagonjwa 117 kabla ya kupata senti ya kwanza ya kwako. Ili uondoke na zile 192,000 unazozipata leo bila kujua bei ya lita ya dizeli, utahitaji wagonjwa 224. Leo, katika kliniki inayojulikana mjini na yenye bango lake, unatibu 200. Takwimu zangu ni za mfano, na zako zitakuwa tofauti. Lakini mpaka utakapoweza kuziandika zako mwenyewe, kwa bei ulizoziuliza kwa mdomo wako dukani, kwa fundi na ofisini, swali la kuwa tayari halina jibu.

Nawe una kitu ambacho wengi wanaofungua hawana, nacho ni karatasi zako za malipo za miaka hii minne. Zitoe uzipange kwa miezi. Unajua kama nijuavyo mimi kwamba mji wetu hupumua kwa misimu: kaskazi likivuma hoteli hujaa na watu huwa na fedha mfukoni, na mvua za masika zikishuka, mwezi wa nne hadi wa sita, wahudumu wa hoteli hupewa likizo isiyo na malipo na jino linalouma hutulizwa kwa vidonge. Mwezi wa Ramadhani nao mchana huwa mtupu, ingawa masheikh wengi husema kutibiwa jino hakufunguzi maadamu hukumeza kitu. Watu huja baada ya tarawehe, na wewe itakubidi uwalipe wasaidizi wa usiku. Tafuta mwezi wako mbaya kuliko yote katika miaka hiyo minne, kisha upige hesabu ya 210,000 juu ya mwezi huo. Mimi sikushauri ufungue mlango bila ya kuwa na gharama za miezi sita zimekaa pembeni, ambazo kwa mfano wetu ni 1,260,000, mbali na bei ya vifaa. Akiba yako ni 900,000, nawe unataka sehemu yake kubwa iende Mombasa kwenye kiti kilichotumika. Usitegemee pia kwamba bima itakuziba pengo. Iwe ni kampuni au ni SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye bima hutibiwa leo na fedha zake huja siku nyingine, ilhali muuza ganzi anataka zake papo hapo.

Lile daftari la namba 310 lichome. Najua neno hili litakuuma, ila sina la kulipunguza. Wale watu waliitoa namba yao kwa kliniki ili watibiwe, hawakukupa wewe uwatafutie biashara, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 jambo hilo si la adabu pekee, ni la kisheria. Isitoshe, daftari hilo halikuambii unachotaka kujua. Kati ya wagonjwa 200 wa mwezi uliopita, ni wangapi waliofika mapokezi wakauliza, "Daktari yule binti yupo leo?" na ni wangapi waliokaa kwa yeyote aliyekuwa na nafasi? Hao wa kwanza ndio watakaokufuata Shela wenyewe, wala hutahitaji kuwapigia. Anza kuweka alama moja tu kwa siku, pasipo jina la mtu, ujue idadi yao. Na usome mkataba wako wa sasa unasemaje kuhusu kufungua karibu na mwajiri, kabla hujasomewa na wakili wake.

Sasa chumba cha mjomba. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu limejaa mapenzi na halina karatasi. Kiti cha meno si kitanda, kwamba mkigombana utakibeba kichwani uondoke. Ili kifanye kazi sakafu huchimbwa, bomba la maji safi likaja, la maji machafu likatoka, la hewa likatoka kwenye kompresa, na nyaya zikapita. Kikishafungwa hapo, kukihamisha ni kuanza upya. Utachimba sakafu ya nyumba ya zamani ya nani, na kwa ruhusa iliyoandikwa wapi? Leo mjomba anacheka. Mungu ampe umri mrefu, lakini siku atakapotangulia, nyumba ile ni mirathi, na warithi wake kila mmoja atakuwa na fungu lake katika sakafu uliyoichimba, na pengine mmoja wao yuko Jeddah na hakujui. Mwombe kwa heshima, mkiwa na mashahidi, mkataba wa upangaji wa miaka isiyopungua mitano, wenye kodi iliyotajwa hata kama ni ndogo. Akikataa kuandika, mshukuru, ule naye chakula cha mchana, utafute chumba kwa mtu usiye na undugu naye.

Kabla hata ya mkataba, kaa chumbani humo siku tatu uyatazame maji. Ya bomba huja yakikatika, nawe utahitaji tangi lenye kutosha siku kadhaa. Na kama nyumba inategemea kisima, yaonje. Maji ya chumvi yatakula vali za kiti na kuganda ndani ya otoklevu, ambayo yenyewe inataka maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa yakawa safi. Hewa ya bahari nayo haina huruma kwa chuma. Kile kiti cha Mombasa usikinunue kabla hujajua vipuri vyake vinapatikana kwa nani na fundi wake hufika Malindi baada ya siku ngapi, kwani siku kikizimika ndiyo siku kliniki imefungwa. Na kama unataka mashine ya eksirei, usiamini unene wa kuta za matumbawe kwa macho. Kuna mamlaka inayosimamia mionzi, KNRA, na kuna leseni yake.

Leseni nyingine nitazitaja haraka tu, kwa kuwa hizo zina fomu na fomu hujazwa. Leseni yako ya kila mwaka kutoka KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, ni ya kwako wewe mtu. Jengo nalo husajiliwa na kupewa leseni yake na baraza hilohilo. Kaunti ya Kilifi ina kibali chake cha biashara na ukaguzi wake wa afya. Sindano na vyembe havitupwi jaani. Huwekwa katika kisanduku chake na kuchukuliwa na mwenye kibali, kwa mkataba ulioandikwa.

Hati ya shamba la Mambrui irudishe kabatini kwa baba. Ikiwa hujui bado mwezi wako mbaya ni upi, huna haki ya kuuweka rehani uzee wake. Kuhusu riba, tangu mwaka 2008 nchini zipo benki za Kiislamu, nazo huwa na murabaha: benki inakununulia kifaa, inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa kidogo kidogo. Hilo litatuliza moyo wako, lakini usidhani ni nafuu kwa sababu ni halali. Linganisha jumla utakayolipa mpaka mwisho, uulize pia wanadai dhamana gani.

Limebaki moja ambalo hukuligusa, nalo ndilo ningelipima kuliko yote. Hujawahi kuwa peke yako. Hospitalini palikuwa na wakubwa wako, na hapo ulipo kuna daktari chumba cha pili. Umemchoma mtu sindano ya ganzi, ghafla anatoka jasho, midomo inavimba, pumzi inabana. Nani anafungua sanduku la dharura? Adrenalini iliyomo imepita muda wake au la? Mtungi wa oksijeni una kitu ndani? Nani anapiga simu wakati wewe mikono yako iko juu ya mgonjwa? Jibu la maswali haya halipatikani kwa kufikiri. Kila mwaka wapo wenye kliniki katika pwani hii wanaokwenda Hija au Umra na kufunga milango kwa wiki kadhaa. Mtafute mmoja, ikiwezekana Kilifi au Watamu, mbali na mlango wa mwajiri wako, umwombe akuachie kliniki yake na funguo zake zote, pamoja na wafanyakazi, mafuta, madeni na mgonjwa anayerudi kulalamika. Mwambie mwajiri wako waziwazi kwamba unaomba likizo kwa kazi hiyo. Wiki tatu za namna hiyo zitakuonyesha kama usingizi ulioupoteza ulikuwa wa hamu au wa hasira.

Wale wenzako wawili watembelee, lakini usiwaulize kama wanafurahi. Waulize ni mwezi wa ngapi tangu kufungua ndipo walipoweza kujilipa mshahara, na walikula nini kabla ya hapo. Kama watacheka badala ya kujibu, wape muda. Jibu litakuja chai ikipoa.

Kwa hiyo mwaka huu usifungue. Jipe hadi masika ijayo ipite, ukiwa na hesabu yako kwa bei za kweli, mkataba wa chumba, gharama za miezi sita pembeni, na zile wiki tatu za kushika funguo za mtu. Wakati huo mwendee mwajiri wako umwombe akuonyeshe zile 288,000 zinakwenda wapi. Huenda akakufukuza chumbani, na huenda pia akakutolea daftari, maana wenye kliniki ni watu wapweke na mara chache sana huulizwa.

Fundi rangi mwombe radhi, mwambie aende kwenye kazi nyingine. Sakafu ikichimbwa, vumbi na maji vitaharibu kuta zote hadi kimo cha kiuno, iwe ni nyeupe au samawati.